Uzi maalum: Camino Francés kwa miguu, Saint-Jean hadi Santiago. Mzigo, nyayo, vitanda na mihuri

Mwendo_Polepole (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Maswali kuhusu njia hii yamekuwa yakijibiwa vipande vipande huku na kule, tuyakusanye hapa. Nazungumzia Camino Francés, inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, inavuka milima ya Pyrenees, kisha inakata kaskazini mwa Hispania kuelekea magharibi hadi kanisa kuu la Santiago de Compostela, panapoheshimiwa kaburi la Mtume Yakobo. Ni kama kilomita 780. Hija ya Santiago ina mizizi karne ya 9, na Codex Calixtinus ya karne ya 12 tayari ina sehemu nzima ya maelekezo kwa msafiri: vituo, mito isiyofaa kunywewa, wavushaji wa kujihadhari nao.

Wengi hutumia siku 30 hadi 35, yaani kilomita 22 hadi 26 kwa siku. Kwenye karatasi inaonekana rahisi, na ndipo watu wanapokosea. Safari hii huharibikia siku 5 au 6 za mwanzo, kati ya Saint-Jean na Logroño. Mzigo umezidi, kiatu bado kipya, na siku ya kwanza mtu kaenda mbio kwa kuwa ana nguvu. Miguu ikishaumia hapo, wiki zinazofuata ni za kuuguza tu.

Siku ya kwanza ichukulieni kwa uzito wake. Saint-Jean iko mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha Lepoeder kiko mita 1,430 hivi, halafu mnashuka hadi Roncesvalles kwenye mita 950 hivi. Jumla kilomita 25. Kilomita 8 za mwanzo hadi Orisson ndizo kali kuliko zote, na baada ya hapo huduma ni chache mno. Anayeweza agawanye siku hiyo mara mbili alale Orisson, ila nafasi pale ni chache, ziwekwe miezi kabla. Mpite taratibu kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, punguza.

Na lingine: kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi njia hiyo ya juu imefungwa kwa amri ya serikali ya Navarra, jimbo la Hispania mnaloingilia. Theluji na ukungu vimeua watu pale. Kipindi hicho mnapita Valcarlos, bondeni.

Mkoba_Mwepesi

Umeanza vizuri mkuu. Niingie kwenye mzigo.

Wengi wanaijua kanuni ya asilimia 10 ya uzito wa mwili. Ni mwongozo mzuri, ila mwenye kilo 55 hawezi kufika 5.5 akiwa na maji mgongoni bila kuacha vitu vya lazima. Lengo linalowezekana kwa miezi ya joto ni kilo 6 hadi 7 pamoja na maji. Pimeni kwenye mizani, msikisie. Mchanganuo ni kama huu: shanta la lita 30 hadi 36, kilo 1.1. Mfuko mwepesi wa kulalia, gramu 600. Nguo zote zisizo mwilini, kilo 1.5. Sandali za jioni, gramu 350. Koti la mvua au poncho, gramu 300. Sabuni, mswaki, dawa na vifaa vya miguu, gramu 500. Simu, chaja, tochi ya kichwani na nyaraka, gramu 500. Maji lita 1.2, ambayo ni kilo 1.2. Chakula cha njiani gramu 400. Hapo ni kama kilo 6.5.

Nguo ni seti mbili: moja mwilini, moja begini. Kila alasiri unafua uliyovaa. Jinzi usibebe, ikilowa haikauki hadi asubuhi, na fulana za pamba ni hivyohivyo. Kipande kimoja cha khanga kinafaa kuliko taulo nene: unajifutia, unajifunika, unakiweka pazia kwenye kitanda cha chini.

Shanta nalo lina utaratibu wake wa kuvaa. Legeza mikanda yote, livae, funga kwanza mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kaza. Ndipo uvute mikanda ya mabega hadi iguse tu. Kiganja kipite kati ya mkanda na bega bila kusukumwa. Mikono ikianza kufa ganzi, ujue mabega ndiyo yanayobeba na kiuno kimepumzika.

Soksi_Mbili

Naongezea viatu. Kwa njia hii, nje ya majira ya baridi, viatu vyepesi vya njia za vumbi na mawe vinatosha. Sehemu kubwa ni barabara za shamba, changarawe na lami. Buti nzito huongeza joto, na zikilowa zinachukua siku mbili kukauka.

Nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na ongeza nusu saizi hadi saizi nzima. Kipimo ni hiki: simama, sukuma mguu nyuma hadi kisigino kiguse, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Baada ya wiki moja ya kutembea na mzigo mguu hutanuka, nafasi hiyo italiwa. Soksi ziwe za sufu laini ya merino, pea 3, na wenye ngozi laini waongeze soksi nyembamba ya ndani ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi.

Fimbo_na_Njia

Hapo kwenye buti naomba nipishane nawe kidogo. Mwenye vifundo vinavyoteguka kirahisi, au anayetembea Machi na Novemba kwenye matope, buti ya kifundo ina maana. Tusiwakataze wote.

Ila kinga kubwa kwenye miteremko ni fimbo mbili, si buti. Njia hii ina miteremko mitano inayojulikana kwa kuumiza watu. Wa kwanza, Lepoeder kushuka Roncesvalles kupitia msituni. Wenye magoti mabovu wapite njia ya Ibañeta, ni ndefu kidogo lakini laini. Wa pili ni kuingia Zubiri: mwamba umesimama kama kurasa za kitabu zilizowekwa wima, na ukinyeshewa unateleza kama sabuni. Hapo kanyaga bapa, hatua fupi, usikanyage ncha za mwamba. Wa tatu, Alto del Perdón baada ya Pamplona, kokoto za mviringo zinazobingirika chini ya mguu. Wa nne ni kutoka Cruz de Ferro kupitia El Acebo hadi Molinaseca, unapoteza mita 900 hivi kwa siku moja. Wa tano, O Cebreiro kushuka Triacastela.

Fimbo kwenye tambarare: kiwiko kikunje nyuzi 90. Ukishuka, refusha sentimita 5 hadi 10, ukipanda fupisha kiasi hichohicho. Mkono uingie kwenye kitanzi kutoka chini kwenda juu, kisha ukamate kitanzi na mpini pamoja, uzito ukae kwenye kitanzi. Wengi huingiza kutoka juu, wakianguka kidole gumba kinanaswa. Kwenye lami vaeni vifuniko vya mpira, maana mlio wa chuma saa 11 alfajiri unaamsha kijiji kizima. Kwenye ndege fimbo ziende na mizigo ya chini.

Bint_Safari

Wakuu asanteni. Malengelenge je? Kila ninaposoma naona majibu yanapingana. Wengine wanasema pitisha uzi, wengine usiguse kabisa.

Soksi_Mbili

Dada, hili tulieleze kwa utulivu.

Lengelenge hutokana na vitu vitatu vikikutana: msuguano, unyevu na joto. Dalili ya kwanza si maumivu bali ni joto la mahali pamoja, kama mtu kakuwekea kidole cha moto kisiginoni au chini ya dole gumba. Ukilisikia, simama palepale, hata kama kijiji unakiona mbele. Dakika 10 za kusimama zinaokoa siku 5. Vua kiatu na soksi, kung'uta mchanga, acha ngozi ikauke kabisa. Kata tepu ya kitabibu, pembe zake uziviringe kwa mkasi, kwa kuwa pembe kali ndizo hunyanyuka kwanza. Ibandike bila kuivuta na bila kunjo hata moja, kwani kunjo lenyewe linazaa lengelenge jingine. Kisha soksi kavu.

Likishatokea, angalia. Dogo lisilouma, liache na ulifunike. Kubwa lenye maji, lililoko mahali unapokanyagia, ndilo hutobolewa. Nawa mikono. Osha mguu kwa sabuni, paka dawa ya iodini. Kwa sindano tasa toboa matundu mawili madogo pembeni kwenye ukingo wa chini, sukuma maji yatoke polepole kwa shashi safi. Ngozi ya juu usiikate, ndiyo bandeji bora uliyonayo. Paka iodini tena, funika kwa shashi, asubuhi badilisha.

Uzi usipitishe. Ukiuacha ndani unakuwa utambi: maji yanatoka kweli, lakini na vijidudu vinaingia humohumo. Ni desturi ya zamani ya njia hii na bado inafundishwa kwenye vitanda vya hosteli, ila wauguzi wanaikataza.

Zile plasta nene za jeli zinafaa kwenye ngozi safi isiyo na usaha. Zipashe joto kiganjani kwanza ili zishike, kisha uziache zidondoke zenyewe. Ukizibandua kesho yake unang'oa na ngozi.

Wekundu unaotanuka, usaha, mstari mwekundu unaopanda mguuni, au homa: ni Centro de Salud, yaani kituo cha afya, siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa.

Fimbo_na_Njia

Na tusisahau maumivu ya ugoko. Huanza kwa wengi kati ya Logroño na León, baada ya siku kadhaa za njia ngumu na bapa. Mbele ya mguu, juu kidogo ya kifundo, panauma na ukikunja mguu unasikia kama kitu kinakwaruza ndani. Ni kano imevimba. Mara nyingi sababu ni kamba za kiatu zilizokazwa juu ya kano hiyo, hatua ndefu mno, na kuongeza kilomita ghafla. Ruka tundu la juu la kamba, fupisha hatua, weka barafu dakika 15, pumzika siku moja au mbili. Kumeza dawa ya maumivu ili uendelee na kilomita 30 ni kuzima king'ora moto ukiwa bado unawaka.

Ramani_Mezani

Vitanda. Hosteli za mahujaji huitwa albergue, na ziko za aina tatu: za umma, za parokia au vyama, na za binafsi. Nyingi za umma hazipokei nafasi za mapema, anayefika kwanza ndiye analala. Kwenye albergue za serikali ya Galicia, jimbo la mwisho lenye Santiago, bei ni euro 10 hivi, za binafsi euro 15 hadi 20 na kuendelea, na hizo unaweza kupiga simu jana yake. Za donativo hazina bei, lakini si za bure: unachotumbukiza ndicho kinachonunua chakula cha watakaokuja kesho. Karibu zote taa huzimwa saa 4 usiku na mnatakiwa muwe nje ifikapo saa 2 asubuhi. Usiku mmoja tu, isipokuwa mgonjwa.

Kunguni wapo, tusifichane. Kabla ya kutandika, washa tochi ukague mishono ya godoro, hasa pembeni upande wa ukuta, na viungo vya mbao za kitanda. Unatafuta madoa madogo meusi kama yamechorwa kwa kalamu. Ukiyaona, mwambie mwenyeji kwa faragha na uondoke. Shanta lisiwekwe kitandani kamwe. Ukishaumwa, nguo zote na mfuko wa kulalia viingie kwenye mashine ya kukaushia, joto la juu kabisa, angalau nusu saa baada ya kuwa vikavu. Kufua kwa maji ya baridi hakuwaui.

Asubuhi msipange mifuko ya nailoni chumbani. Kila kitu kipangwe jana usiku, shanta litoke lote hadi korido.

Mkoba_Mwepesi

Kwa asiyeweza kubeba, kuna huduma za kusafirisha begi kutoka kituo hadi kituo. Fungia bahasha yao yenye jina la utakapolala, liache mapokezi kabla ya saa 2 asubuhi. Uzito una kikomo, mara nyingi kilo 15. Kumbuka albergue za umma za Galicia hazipokei mabegi hayo, kwa hiyo andika jina la hosteli binafsi au baa iliyokubali. Pasi, dawa na pesa visiachwe humo. Kupeleka begi hakukunyimi cheti cha hija.

Ramani_Mezani

Meseta, uwanda wa juu ulio kati ya Burgos na León, kama kilomita 180. Wengine huiruka kwa basi wakisema inachosha. Mimi nasema ni sehemu inayofundisha mwendo kuliko zote, ila iheshimiwe. Baada ya Carrión de los Condes kuna kilomita 17 hadi Calzadilla de la Cueza bila kijiji wala kivuli cha maana. Bebeni lita 2 na mtoke kabla ya jua. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35.

Kitu wengi hawakifikirii: mnakwenda magharibi, na jua liko upande wa kusini. Asubuhi linawapiga shingoni, kuelekea mchana linahamia kushoto. Ndiyo maana ngozi inayoungua ni ya shingo nyuma, sikio la kushoto na shavu la mguu wa kushoto. Pakeni hapo kwanza, na kofia iwe na kitambaa cha nyuma.

Bomba lililoandikwa *agua potable* nyweni. *No potable* achaneni nalo. *Sin tratar* maana yake hayakutiwa dawa wala hayakuhakikishwa, hapo busara. Maduka mengi vijijini hufungwa saa 8 mchana hadi saa 11 hivi, na Jumapili ni taabu. Jumamosi nunueni cha kesho.

Mishale ya njano ndiyo bosi. Ilianza kupakwa miaka ya 1980 na padri wa O Cebreiro, Elías Valiña, na hadi leo ndiyo inayoaminika kuliko simu. Gamba la kombe kwenye nguzo ni alama ya njia, si lazima lioneshe upande. Galicia nguzo zina kilomita zilizobaki hadi Santiago. Nguzo isiyo na namba iliyoandikwa *complementario* ni njia mbadala, si kwamba umepotea. Dharura yoyote, 112.

Bint_Safari

Na asiye na siku 30? Kuanzia mji wa Sarria, karibu na mwisho, kunatosha kupata cheti? Halafu viza ombi linapelekwa ubalozi gani, Ufaransa au Hispania?

Mwendo_Polepole

Sarria inatosha. Cheti, kinachoitwa Compostela, kinahitaji angalau kilomita 100 kwa miguu (200 kwa baiskeli), na ziishie Santiago. Kutoka Sarria ni 115 hivi. Anayeanzia Portomarín ameshakosa, pamebaki kama 92. Mgawanyo wa kawaida: Sarria hadi Portomarín 22, Palas de Rei 25, Arzúa 29, O Pedrouzo 19, Santiago 20. Ile ya 29 ni ya kupanda na kushuka siku nzima, waliochoka walale Melide katikati. Ukifika Portomarín tazama kanisa la San Nicolás: lilihamishwa jiwe kwa jiwe wakati bwawa la Belesar lilipozamisha mji wa zamani miaka ya 1960.

Mihuri: kitabu chako kinaitwa credencial, unakichukua pale unapoanzia. Gonga mihuri miwili kila siku, pamoja na tarehe. Mmoja hosteli, mwingine kanisani au kwenye mgahawa wa njiani. Watu hunyimwa cheti kwa kuwa na mmoja tu kwa siku. Kipande chochote cha teksi ndani ya hizo kilomita 100 kinakuondolea sifa. Na kitabu kitie kwenye mfuko wa plastiki, Galicia mvua haibishi hodi.

Viza: kanuni ya Schengen ni nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Hata ukishukia Ufaransa, usiku mwingi ni wa Hispania, ombi liende Hispania. Linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla na si chini ya siku 15. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Panapotakiwa ushahidi wa malazi, hosteli za umma hazikusaidii. Weka nafasi zinazoweza kufutwa kwenye za binafsi, na uambatishe ratiba ya siku kwa siku yenye majina ya vituo. Kufika Saint-Jean, treni inatoka Bayonne, mwendo wa saa moja hivi.

Soksi_Mbili

Na mazoezi, kabla uzi haujaenda mbali. Wiki 8 hadi 12. Cha maana si siku moja ya kilomita 30, bali siku mbili au tatu mfululizo za 18 hadi 20 ukiwa na kiatu kilekile, soksi zilezile na shanta lenye uzito kamili. Mguu wa siku ya pili ndio unaokuambia ukweli. Tafuta ngazi za kushuka, mapaja yazoee kufunga breki. Kucha kata siku 3 au 4 kabla ya kuanza, moja kwa moja, bila kuzama pembeni. Kwenye mteremko funga kamba kwa tundu la mwisho la juu ili kisigino kishikwe nyuma. Kucha nyeusi ni kidole kinachogonga mbele.

Ramani_Mezani

La kufikia Santiago. Jisajili mtandaoni kabla ya kwenda ofisi ya mahujaji, Rúa das Carretas namba 33, halafu unachukua namba ya foleni. Mwaka 2024 walitoa vyeti karibu laki tano, kwa hiyo kiangazi nendeni asubuhi mapema. Compostela yenyewe ni bure, na jina lako linaandikwa Kilatini. Ukisema hukuja kwa imani wala kwa mambo ya roho, unapewa cheti cha aina nyingine.

Shanta haliingii kanisani, liache stoo za mizigo mjini kabla ya misa ya mahujaji. Chetezo kikubwa, Botafumeiro, hakirushwi kila siku, msipange safari kwa ajili yake. Na mwaka 2027 ni Mwaka Mtakatifu kwa kuwa tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtume Yakobo, inaangukia Jumapili. Wanaotaka utulivu waende kabla ya hapo, au Oktoba. Wanaotaka kupita Mlango Mtakatifu, ule wa kanisa kuu unaofunguliwa Mwaka Mtakatifu, kwa 2027 vitanda vya Sarria hadi Santiago viwekwe miezi mingi mapema.

Bint_Safari

Nimepata. Naanza na mizani ya shanta.